Babu wa Dunguni amebadilika sauti: kwa nini tunamkataa mchekeshaji mpya?

Msikilizaji wetu, kama hukosi Jumamosi jioni, habari hii unaifahamu. Kwa ambaye hakuwa nasi, tuanze mwanzo.

Babu wa Dunguni ni mhusika wa mchezo mfupi wa kuchekesha tunaourusha kabla ya salamu za jioni. Ni mzee aliyepewa kazi ya kuamia ndege kwenye shamba la mpunga la mwanawe. Anapanda dunguni alfajiri, ana kombeo, ana debe la kugonga. Lakini badala ya kuangalia shamba, anaangalia njia. Kila anayepita anaitwa, anasalimiwa, kisha anapewa ushauri ambao hakuuomba: namna ya kuoa, namna ya kulea, namna ya kumkwepa mtu anayekudai. Wakati babu anashauri, sisi tunaosikiliza tunasikia kwelea kwelea wakiongezeka. Mwisho kabisa ndipo anageuka, anapiga ukelele wake mmoja mrefu wa kufukuza ndege, na mpunga umeshakwisha.

Mzee aliyekuwa akimwigiza alikuwa mwalimu mstaafu. Masika haya alitangulia mbele za haki. Tulisimamisha mchezo kwa wiki kadhaa, kisha tukaurudisha na kijana mwingine.

Simu ya studio haikutulia. Kutoka Mngeta, Chita, Mbingu, hadi Utengule, ujumbe uliingia kwa wingi, na mwingi haukuwa wa pongezi. Wapo waliosema tumemharibu babu. Wapo waliosema tungeacha mchezo upumzike na mwenyewe. Mmoja alisema watoto wake, ambao zamani walikuwa wanakimbilia redio, siku hiyo waliulizana huyu ni nani. Yule kijana alisoma ujumbe wote. Jumatatu akaniambia hataki tena.

Makala haya yanajaribu kujibu swali moja. Mchezo ni uleule, maneno ni yaleyale, vichekesho ni vilevile. Kwa nini akibadilika anayeigiza, kicheko kinakatika? Na je, lazima iwe hivyo?

Kwetu, mhusika na mtu ni kitu kimoja

Tuangalie kwanza uchekeshaji tuliokua nao. Hapa Tanzania, kwa sehemu kubwa, hatumtenganishi mhusika na anayemwigiza. Chukua mfano wa Mzee Majuto. Jina lake halisi lilikuwa Amri Athumani, mzaliwa wa Tanga, mwaka 1948. Alipofariki Agosti 8, 2018, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, hakuna aliyeuliza nani sasa atakuwa Majuto. Swali lenyewe lingeonekana la ajabu. Ule uso, ile sauti, ile namna ya kukasirika kwa jambo dogo, vyote vilikuwa vyake. Watu walikuwa hawanunui filamu kwa sababu ya hadithi yake. Walikuwa wanauliza kama Majuto yumo.

Mfano wa pili ni wa kundi. Wenye umri wangu wanakumbuka kichekesho cha Ze Comedy kilichorushwa na EATV, enzi za Joti, Masanja Mkandamizaji, Mpoki, Wakuvanga, Vengu na Mac Regan. Kundi lile baadaye lilihamia TBC, na huko likajiita Ze Orijino Komedi. Litazame vizuri neno lile, orijino. Ni kama kumwambia mtazamaji kwamba jina la kipindi linaweza kubaki popote, ila kitu halisi ni sisi watu. Na watazamaji wengi walilikubali dai hilo, wakabadilisha chaneli wakawafuata.

Kwa hiyo msikilizaji wa Mbingu aliyesema tumemharibu babu hakuwa na roho mbaya. Alikuwa anafuata desturi ambayo sote tumelelewa nayo: mchekeshaji ni mtu, na mtu haazimwi.

Desturi hiyo ina utamu wake. Inatufanya tumpende mchekeshaji kama ndugu. Lakini ina gharama. Mtu akiondoka, anaondoka na kila kitu. Wahusika waliowachekesha wazazi wetu kwenye Radio Tanzania Dar es Salaam, kama wale wa Pwagu na Pwaguzi, leo wanaishi kwenye kumbukumbu za watu wazima tu. Mtoto wa miaka kumi wa Masagati hawajui.

Wenzetu wanaorithishana kichekesho

Nilipokuwa natafuta majibu, nilianza kuuliza kama kuna mahali watu wanachekea mchezo uleule huku wachezaji wakibadilika kila mara. Nikaufikia mchezo ambao sikuutegemea kabisa: baleti.

Baleti ni dansi ya jukwaani iliyokuzwa Ulaya, hasa Italia, Ufaransa na Urusi. Inasimulia hadithi kwa muziki na mwili tu, bila neno hata moja. Wengi tukisikia baleti tunawaza mabinti waliosimama kwa ncha za vidole, mambo ya huzuni na ya watu wenye fedha. Lakini ipo baleti ya kuchekesha, tena inahusu wakulima. Inaitwa La Fille mal gardée, yaani, kwa tafsiri ya karibu, Binti Asiyechungwa Vizuri.

Ilichezwa kwa mara ya kwanza mjini Bordeaux, Ufaransa, Julai 1, 1789, wiki mbili tu kabla ya mapinduzi makubwa ya nchi hiyo kulipuka. Mtunzi wake alikuwa Jean Dauberval. Baleti nyingi za zama zile zilihusu miungu na wafalme. Hii iliweka jukwaani shamba, mavuno na mama anayemfokea binti yake.

Hadithi yake ungeweza kuisikia hata Mlimba. Mjane mmoja mwenye shamba, Simone, ana binti mmoja, Lise. Lise anampenda Colas, kijana mkulima asiye na kitu. Mama anataka aolewe na Alain, mtoto wa tajiri mwenye shamba la mizabibu. Alain ni kijana mzito wa akili, hana shida na mtu, na kitu anachokipenda kuliko vyote duniani ni mwavuli wake mwekundu. Siku ya mavuno ya ngano kunatokea mvua ya radi, Alain anapeperushwa na mwavuli wake. Mama anamfungia Lise ndani ili asionane na Colas, bila kujua kwamba Colas ameshaingia na amejificha ndani ya miganda ya ngano.

Hapo ndipo penye sehemu inayosubiriwa na watu wote. Lise anadhani yuko peke yake. Anaanza kuota mchana: anajiona bibi harusi, anajiona mjamzito, anawahesabu watoto wake, mmoja anamfundisha, mwingine anamchapa, wa mwisho anambembeleza. Sisi tunajua Colas yumo mle kwenye miganda anaona yote. Yeye hajui. Halafu miganda inafunguka.

Toleo linalojulikana zaidi leo lilitungwa upya na Frederick Ashton kwa ajili ya kundi la The Royal Ballet la London, likaonyeshwa mara ya kwanza Januari 28, 1960. Lise wa kwanza alikuwa Nadia Nerina, mzaliwa wa Afrika Kusini. Colas alikuwa David Blair. Mama mjane alichezwa na mwanaume, Stanley Holden, maana kwa desturi nafasi ya mama yule huchezwa na mwanaume aliyevaa gauni. Sisi tuliomwona Joti na gauni na kilemba hatuhitaji kuelezwa kwa nini watu wanacheka. Alain alikuwa Alexander Grant, mzaliwa wa New Zealand.

Hatua zilezile, kicheko tofauti

Tangu 1960 hadi leo baleti ile inarudiwa, na wachezaji wanabadilika. Hata katika msimu mmoja, Jumanne anaweza kucheza Lise huyu, Alhamisi akacheza mwingine. Wapo watazamaji wanaokata tiketi mara mbili au tatu kwa mchezo uleule, ili tu waone safu nyingine ya wachezaji. Kwao kubadilika kwa mtu ndiyo sababu ya kwenda tena.

Nilitazama rekodi mbili za kundi hilohilo. Ya kwanza ni ya 2005. Lise ni Marianela Nuñez wa Argentina, na Colas ni Carlos Acosta, mtoto wa dereva wa lori kutoka Havana, Cuba, mtu mweusi aliyefika juu kabisa katika fani ambayo weusi walikuwa wachache mno. Ya pili ni ya miaka kumi baadaye, Lise akiwa Natalia Osipova wa Urusi na Colas akiwa Steven McRae wa Australia.

Hatua ni zilezile. Muziki ni uleule. Kuku wanaocheza mwanzoni ni walewale, jogoo na mitetea yake minne. Lakini Nuñez ana uchangamfu wa jua la asubuhi, unamcheka kama unavyomcheka mdogo wako unayempenda. Osipova ana kasi na ukorofi, unahisi mama yake hana ubavu wa kumweza. Acosta anamwinua binti kama anabeba gunia jepesi. McRae ni mwepesi, miguu yake inakatika haraka kama mpishi anayekatakata mchicha. Sehemu ninazocheka kwenye rekodi ya kwanza si zote ninazocheka kwenye ya pili.

Tofauti kubwa zaidi huja kwa Alain. Mchezaji mmoja akimfanya bwege kabisa, ukumbi unaangua kicheko kila anapoingia. Mchezaji mwingine, kwa hatua hizohizo, akimfanya kijana mpole asiyejua kwamba anachekwa, watu wanacheka kisha wananyamaza kidogo, kwa sababu wamemwonea huruma. Mwisho wa baleti, wote wakishaondoka, Alain anarudi peke yake kwa kunyata. Amesahau mwavuli wake. Anaupata, anafurahi, anaondoka. Hapo, kutegemea nani anacheza, mtu anaweza kutoka ukumbini anacheka au anatoka na donge kooni.

Shamba lilirithishwa kwa bwege

Sasa wanawezaje? Kwa nini Stanley Holden alipoacha kucheza mama mjane, mchezo haukufa?

Jibu la kwanza ni kwamba wanafundishana mtu kwa mtu. Ile sehemu ya Lise kuota ndoa, Ashton hakuibuni. Alifundishwa na Tamara Karsavina, mchezaji mashuhuri wa Urusi aliyekuwa akiishi Uingereza, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Alikuwa ameijua tangu ujana wake huko St Petersburg. Bibi yule alitoa kitu kilichokuwa mwilini mwake, akakiweka kwenye mwili wa binti wa Afrika Kusini. Nuñez na Osipova wakaja kukipokea kwa mnyororo huohuo.

Jibu la pili lilinishangaza zaidi. Ashton alipofariki mwaka 1988, wosia wake uligawa baleti zake kama sisi tunavyogawa mashamba. Baleti hii alimwachia Alexander Grant, yuleyule aliyekuwa Alain wa kwanza. Aliyecheza bwege ndiye aliyerithi shamba zima. Grant aliendelea kuisimamia na kuwafundisha wengine, akina Lise na akina Alain ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1960, hadi alipofariki mwaka 2011.

Angeweza kuwaambia wote wamwige yeye. Lakini mwili wa mtu mwingine hauigiki kwa asilimia mia. Unachoweza kurithisha ni kazi ambayo mhusika anaifanya kwenye hadithi. Alain lazima aupende mwavuli kuliko bibi harusi. Usipobaki na hilo, huna Alain. Ukibaki nalo, pua, urefu na tabasamu vinaweza kuwa vya yeyote.

Mjomba wa Ruvuma ndani ya tumbo la Mwingereza

Pengine utasema hayo ni ya Wazungu. Basi tuje kwa mtu unayemsikia redioni.

Mwaka 2012, ukumbi wa Globe wa London uliandaa tamasha la tamthilia za Shakespeare kwa lugha za dunia, tamthilia 37 kwa lugha 37. Kiswahili kilipewa mchezo wa kuchekesha, ule wa wake wawili wajanja wa mji wa Windsor. Kwa Kiswahili uliitwa Wanawake wa Heri wa Winsa, tafsiri ya Joshua Ogutu wa Kenya. Mhusika mkuu ni Falstaff, mzee mnene, mlevi, mwenye madeni, anayejiona bado kijana. Anawaandikia barua za mapenzi wanawake wawili walioolewa, barua zinazofanana neno kwa neno, bila kujua kwamba wanawake wale ni marafiki na wataonyeshana. Wanamkomesha. Mara moja wanamficha kwenye tenga la nguo chafu na kumtupa mtoni.

Falstaff huyo alichezwa na Mrisho Mpoto, Mjomba wetu, mtu wa Ruvuma, jirani zetu wa upande wa pili wa milima.

Falstaff amechezwa na Waingereza kwa zaidi ya miaka 400. Kama kungekuwa na mahali pa kusema huyu si Falstaff wetu, ni pale London. Na katika tamasha lile hapakuwa na tafsiri ya neno kwa neno. Watazamaji walipewa muhtasari mfupi tu wa kinachoendelea. Ina maana ndani ya ukumbi mmoja kulikuwa na hadhira mbili: anayekijua Kiswahili aliyecheka kwa maneno, na asiyekijua aliyelazimika kucheka kwa mwili, kwa sura na kwa hadithi. Mzee anayejiona mjanja kuliko wanawake, huku sisi wote tunajua wanawake wameshamjua. Hilo halihitaji mkalimani.

Umeona jinsi linavyofanana na Lise na miganda? Na na babu yetu na ndege? Katika michezo yote mitatu, sisi tunajua jambo ambalo mhusika halijui. Hapo ndipo kicheko kinapokaa. Anayeigiza anakuja kukitoa tu, kila mmoja kwa mkono wake.

Sungura ana orijino?

Hata sisi tunalijua hili, ila hatujalitamka. Fikiria Sungura na Fisi. Ulimsikia Sungura kwa nani mara ya kwanza? Mimi nilimsikia kwa bibi yangu mzaa mama, ambaye Fisi wake alikuwa na kithembe. Mke wangu alimsikia kwa shangazi yake, na Fisi wake alikuwa anajikwaa anapoongea. Hatujawahi kugombana ni Fisi yupi wa kweli. Na leo nikimsimulia mwanangu, namfanya Fisi wa aina yangu, na mtoto anacheka palepale nilipocheka mimi: Fisi anapoukubali mtego huku mtoto anajua ni mtego.

Kwa hiyo tunazo desturi mbili. Kwenye hadithi za jioni, mhusika ni wa wote na kila bibi anamvaa kwa namna yake. Kwenye redio, filamu na televisheni, mhusika ni wa mtu mmoja na anazikwa naye.

Redio ina ugumu wake zaidi, na hili nalisema kama mtu wa kazi hii. Jukwaani mtazamaji anaona mtu mpya, macho yanamwandaa. Kwenye redio hana uso, hana nguo, hana mwendo. Ana sauti peke yake. Sauti ndiyo mtu mzima. Ndiyo maana msikilizaji huanza kutabasamu kabla hata ya kichekesho: ameisikia sauti, ameshajua kinachokuja. Sauti mpya ikija, lile tabasamu la kabla halipo. Inabidi lijengwe upya, na halijengwi kwa siku moja.

Tena kuna jambo tulilolipuuza. Sehemu ya ujumbe tuliopokea haikuwa ya kulinganisha waigizaji. Ilikuwa ni msiba. Watu walikuwa wanamlilia mzee wao, na sisi tukawaletea kichekesho kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kosa lilikuwa langu

Nikiri hapa. Kijana alipokuja, mimi ndiye niliyempa rekodi za marehemu nikamwambia asikilize hadi sauti yake ifanane. Alifanya kazi hiyo kwa bidii. Aliipata kikohozi, aliipata ile namna ya kuvuta neno. Na kadiri alivyofanana, ndivyo ilivyoumiza. Aliyeko Chita hakusikia babu mpya, alisikia mtu anamwiga marehemu.

Baada ya kijana kuniambia anaacha, nilikwenda kumwona mama, mjane wa mzee wetu. Nilikwenda kuomba radhi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Karibu. Nimewasikia.”

Nilianza kueleza, akanikatiza. Akaniuliza kama najua ule ukelele wa kufukuza ndege mzee aliutoa wapi. Nikasema naamini aliubuni. Akacheka. Akasema ulikuwa wa mjomba wake mzee, aliyemlea huko shambani. Mjomba huyo alikuwa anapiga ukelele ule kweli, kwa kazi kweli, na watoto walikuwa wanamwigiza kichinichini.

Kisha akaniambia neno ambalo sikulipata kwenye rekodi zote nilizotazama. Akasema tunahangaika na sauti, lakini mzee alikuwa akimwambia nyumbani kwamba mchezo wenyewe hauko kwenye sauti. Uko kwenye kutogeuka. Babu asigeuke kuangalia shamba, hata ndege wakijaa vipi. Siku akigeuka mapema, hakuna mchezo.

Nilirudi studio nikamweleza kijana. Nikamwambia aache kikohozi, aache kuvuta maneno, aongee kwa sauti yake ya uzee atakavyoiona. Abaki na mambo matatu: ushauri usioombwa, kutogeuka, na ukelele mmoja wa mwisho. Tukaenda alfajiri shambani kurekodi upya ndege, ili waongezeke polepole na msikilizaji awasikie kabla babu hajawasikia. Na kabla ya kurusha, tulitangaza wazi kwamba mzee wetu ametutoka, tukamwombea, tukasema dungu sasa lina mtu mwingine.

Sitasema kila mtu amefurahi. Wapo ambao bado wanasema si yeye, na wana haki. Lakini ujumbe umebadilika. Juzi mama mmoja wa Mngeta alitulalamikia kwamba babu amemshauri vibaya mpwa wake kuhusu mahari. Alimlalamikia babu. Hakumtaja mwigizaji.

Kwa vikundi vyenu

Tunajua shule nyingi, kwaya na vikundi vya vijana bonde zima vina maigizo. Vijana wanahama, wanaolewa, wanakwenda mjini, na igizo linakufa. Haya machache yanaweza kusaidia.

Kabla mwenye nafasi hajaondoka, mwulizeni yeye mwenyewe ni jambo gani likiondolewa mhusika anakuwa si yule tena. Liandikeni. Mara nyingi ni jambo moja au mawili.

Mweke mrithi karibu naye wakati bado yupo. Aliyefundishwa na mtu anapata vitu ambavyo rekodi ya simu haivipati.

Msimlazimishe mpya amwige wa zamani. Aige kazi ya mhusika, alete mwili na sauti yake.

Waambieni watazamaji ukweli. Kama wa zamani amehama, semeni. Kama amefariki, mtajeni kwa heshima kwanza, ndipo mcheze.

Na wewe msikilizaji, unapomsikia mpya, mpe Jumamosi tatu kabla ya kutuma ujumbe. Ya kwanza utakuwa unamlinganisha. Ya pili utakuwa unamzoea. Ya tatu sikiliza ndege, uone kama bado unataka kumpigia kelele babu ageuke.

Babu wa Dunguni anarudi Jumamosi hii, saa kumi na mbili na nusu jioni, kabla ya salamu. Kama kwenu kulikuwa na mzee aliyekuwa na ukelele wake wa kufukuza ndege, tutumie kwa sauti kupitia namba ya studio unayoijua. Tungependa kuusikia kabla haujasahaulika.